Papa, Nimekuwa Raia wa Luxembourg

Papa yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta umeketi barazani, chai ya mchaichai mkononi, na redio ikikugombeza kwa habari zake. Mguu unaendeleaje? Dada yangu, Yaya Mapendo, ameniambia ulishuka mpaka sokoni bila fimbo. Nilifurahi, halafu nikaogopa. Na maji je, yamerudi kwenye bomba hapo Kilibula, au bado munachota mtoni? Sisi huku tuko wazima. Mjukuu wako Neema anakaribia kunipita kwa urefu. Kiswahili chake kimeanza kuwa kizito mdomoni, lakini ndani ya nyumba yangu hakuna chakula kinachoombwa kwa lugha nyingine.

Naandika kwa sababu simu zangu hupokei. Kila nikipiga, Yaya ananiambia, "Papa iko analala." Saa nne ya asubuhi, Papa! Basi nimempa barua hii mama mmoja anayekwenda Bujumbura, na Yaya ataipokea mpakani Kavimvira.

Maneno yetu ya mwisho sijayasahau. Nilikupigia nikiwa na furaha, nikakuambia nimepata uraia wa Luxembourg. Ukauliza:

"Sasa weye hauko tena Mukongomani?"

"Kwa sheria, hapana, Papa. Congo haikubali muntu awe na uraia mbili."

"Basi niko nazungumuza na nani?"

Simu ikakatika, na najua haikuwa shida ya réseau, ya mtandao.

Papa, sikuandikii kuomba msamaha. Nataka usikie yote, halafu useme unalotaka kusema.

Wewe ndiye uliyeniambia niondoke, wale watu wenye silaha walipokuja mara ya pili kumtafuta marehemu mume wangu. Ulinisindikiza mwenyewe, Neema akiwa mgongoni, ukaniambia, "Wende, uishi." Nimeishi. Nilipofika huku nilipewa hifadhi, nikapata kazi katika jiko la shule, kupika na kugawa chakula cha mchana. Nilipewa pia kitabu cha kusafiria cha wakimbizi. Ndani yake waliandika kwamba naweza kwenda nchi zote isipokuwa Congo. Ndivyo sheria yao ilivyo: ukirudi kule ulikokimbia, watasema hauogopi tena, na hifadhi inaweza kuondolewa. Ningeweza kwenda kuangalia bahari ya Ureno, lakini si kuja kukuangalia wewe.

Sikuwahi kukuambia hilo, kwa kuwa nilidhani nitakuumiza. Kisha Mama akafariki. Yaya alinishikia telefone juu ya watu wakati wa mazishi, nikaona kanga za akina mama, nikaona mgongo wako, halafu picha ikaganda. Nilibaki nimekaa jikoni kwangu naangalia mgongo wako ambao hausogei. Siku hiyo nilisema moyoni, kwa Papa sitakuwa hivi. Nitamuona akiwa hai, nimguse.

Nikaenda komine, yaani ofisi ya mji wetu, nikauliza njia ni ipi. Mama wa ofisini akanijibu kwamba kwanza ni lugha. Ujue, watu hawa ni wachache, nchi yao yote inaweza kuingia katika Sud-Kivu yetu na nafasi ikabaki, lakini wana lugha yao, na kama huisemi hawakupi uraia. Kifaransa chako ulichonifundisha kwa viboko shuleni hakikunisaidia kitu! Nilijifunza kwa midomo ya watoto wa shule. Walikuwa wanapita na sahani zao, mimi nawauliza hiki kinaitwaje, wao wanacheka namna ninavyotamka, kisha wananirudishia neno mpaka likae. Jioni nilikuwa nafuata masomo pamoja na Fernanda, Mreno tunayefanya naye kazi. Yeye alishindwa mara mbili. Mara ya pili alilia kwenye basi, nikamshika mkono, lakini ndani nilijiuliza: kama yeye ameshindwa, mimi je?

Siku ya mtihani wangu wa kusema, mwalimu mmoja mwenye ndevu nyeupe alinipa picha niieleze. Watu wanakula kando ya ziwa. Nikasema, "Naona ziwa, lakini ni dogo." Akatabasamu, akaniuliza, "Wewe umeona kubwa?" Papa, hapo ndipo hofu iliponitoka. Nilimwambia kuna ziwa ambalo ukiamka asubuhi unaona milima ya Burundi ng'ambo, na mvua ikija huoni kitu, unasikia tu. Nikamweleza ndagala, samaki wetu wadogo, zinavyoanikwa juu ya mchanga. Neno la kuanika sikulijua, basi nikalionyesha kwa mikono, mezani kwake, kati ya makaratasi yake. Mwisho akaniambia, "Madame, picha tumeisahau." Lakini nilipita. Fernanda naye amepita mwaka huu, tulikula samaki wa chumvi kwake mpaka tukashindwa kusimama.

Siku ya kuweka sahihi pale komine sikusherehekea. Niliuliza kwanza, "Nikiandika hapa, naacha kwetu?" Yule mama akajibu, "Sisi hatukuombi uache kitu. Hilo ni la nchi yako na wewe." Niliikamata ile kalamu ya bic nikafikiri juu yako. Nikaandika. Papa, ningeandika tena leo. Uraia niliuacha ili niweze kukanyaga mlango wako.

Kuhusu mlango huo, sikiliza sasa. Mwezi uliopita nilipanda treni mpaka Bruxelles, kwenye ambasade ya Congo, kuomba viza. Kijana wa dirishani alisoma pasipoti yangu mpya, akafika mahali pa kuzaliwa, akaacha Kifaransa.

"Mama, uko wa Uvira?"

"Minye wa Kilibula."

"Na unaenda kufanya nini kule?"

"Kusalimia Papa."

Akasema, "Pole, mama. Lakini hata weye, lazima muntu wa kule aandike kwamba anakupokea."

Karatasi hiyo ndiyo nimeikunja pamoja na barua hii. Yaya alisema anaweza kuweka sahihi yeye, mambo yaishe bila kukusumbua. Nimemkatalia. Mahali pa mwenye kunipokea nimeshaandika jina lako, kwa bic, halifutiki.

Nisalimie mama mdogo wa Makobola, mwambie ndagala zake asiuze zote. Nisalimie mjomba wa Nyakabere na mihogo yake, shemeji mume wa Yaya, na yule jirani fundi wa pikipiki aliyekubeba mpaka hospitali mguu ulipovimba. Papa pasta naye asiniache katika sala.

Jumapili, nilipokuwa naongea na Yaya, nilisikia mtu akikohoa nyuma yake, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Anasema nini?" Yaya hakujibu, kwa hiyo najibu mimi: nimesema nimepata likizo ya mwezi wa saba, Neema ameshaanza kufunga sanduku, na tutalala katika chumba kile cha nyuma. Weka sahihi, Papa. Tunakuja.

Ni mimi binti yako,

Sifa