Ratiba ya Mazishi ya Mzee Mwirigi

S.L.P. 418,
Nkubu, Meru.
Jumapili, 17 Novemba 2024.

Mpendwa Mjomba Mwirigi,

Kabla hujaendelea kusoma, nakuomba ufunge mlango wa ofisi yako. Haya ninayokuandikia usimwambie mtu yeyote, hata mama yangu, ingawa ni dada yako na hamfichani kitu. Nitamwambia mwenyewe. Nikishasema pale ninapotakiwa kusema, hata ukiyatangaza mbele ya wanafunzi wako wote hapo Lodwar sitakasirika.

Sasa nikusalimu vizuri. Hujambo, Mjomba? Joto la huko linakutendeaje, na lile goti lako je? Sisi kwa upande wa afya tuko salama. Mvua imenyesha, kahawa imeiva, na mama anachuma kila siku. Kikohozi chake kimepoa. Ile migomba uliyopanda nyuma ya jikoni ina mikungu miwili mikubwa, tumeiwekea miti isianguke.

Namshukuru Mungu kwamba uko hai. Najua salamu hiyo inashangaza. Nitakueleza.

Unajua nafanya kazi ya kutunza kumbukumbu katika kliniki ya akina mama hapa mjini. Jumanne saa saba mchana Mama Lenah wa mapokezi alikwenda kula, nami nikakaa kwenye kiti chake. Kompyuta alikuwa ameiacha wazi kwa jina lake. Ikaingia barua pepe kutoka kwa watu wanaotuuzia glavu. Kichwa chake kilisema: RATIBA YA MAZISHI, MZEE MWIRIGI. Chini yake kulikuwa na faili.

Mjomba, ulikuwa hujashika simu kwa wiki mbili. Najua hapa kwetu ukiita Mwirigi sokoni watageuka watu kumi, maana kila mtoto anapewa jina la babu yake. Na wewe si mzee. Lakini ni nani kwetu huacha ratiba ya mazishi bila kuifungua? Nilibonyeza. Hapakuwa na picha wala ratiba. Skrini iliganda kidogo, nikaifunga, nikakupigia simu mara sita. Jioni ulipokea ukicheka, ukasema mtandao ulikuwa umepotea. Nilifurahi mpaka nikaisahau ile faili.

Jumatano asubuhi kompyuta zote zilikuwa na maandishi mekundu. Kumbukumbu zote za akina mama zilikuwa zimefungwa, na ufunguo wanao wezi peke yao. Walitupa siku tatu tulipe kwa bitcoin, ile sarafu ya mtandaoni isiyopitia benki, la sivyo tusizione tena.

Daktari Gichovi, mwenye kliniki, yule mtu wa Manyatta, alitaka kulipa siku hiyo hiyo. Mugendi, fundi wa kompyuta anayefanya kazi Majengo, ndiye aliyemzuia.

"Daktari, ukikosea kutuma pesa kwa benki unakwenda kulia kaunta," alimwambia. "Hii ukishaituma, utalilia wapi? Na huyo mwizi amekuapia kwa Biblia gani kwamba atafungua?"

Hatukulipa. Tulipiga ripoti polisi, na Mugendi akatenga kompyuta zote na mtandao. Akaniuliza iko wapi diski ya akiba, ile tunayonakilia kumbukumbu. Mjomba, diski hiyo ni kazi yangu. Nilikuwa nimeiacha imechomekwa usiku na mchana, kama redio. Nayo ilikuwa imefungwa pamoja na vingine.

Kilichotuokoa ni daftari la Mama Lenah. Tangu kompyuta zije, yeye hakuacha kuandika kila mama kwa kalamu, na sisi tulimcheka. Mutegi wa maabara alikuwa akimuuliza, "Mama Lenah, hilo daftari lako lina waifai?" Naye anamjibu, "Halina, lakini halizimiki stima zikienda." Alhamisi aliletwa mama mmoja anayeitwa Rwamba, uchungu umemzidi, hawezi kusema. Muuguzi alikuwa ameshika sindano tayari. Lenah akafungua daftari lake, na hapo kwenye jina la Rwamba palikuwa na wino mwekundu: asipewe penisilini. Mtoto ni msichana, wote wawili wazima.

Tangu siku hiyo tunaandika upya kumbukumbu zote kutoka daftari hilo na vile vitabu vya kliniki ambavyo akina mama hutunza nyumbani.

Sasa sikia kinachoninyima usingizi. Ijumaa Mugendi aligundua kwamba mlango walioingilia wezi ulifunguliwa kwenye kompyuta ya mapokezi, kwa jina la Lenah. Daktari alituita sote.

"Lenah, wewe na kompyuta mlijuana lini?" akauliza, na watu wakacheka.

Mama wa watu alisimama akiangalia mikono yake. "Daktari, labda ni mimi. Vidole hivi vimezoea jembe. Huenda vilibonyeza sikuona."

Mjomba, anaamini kweli kwamba ni yeye! Daktari alimshukuru kwa daftari, kisha akasema washirika wake wa biashara wanataka jina la mtu wa kulaumiwa, na kwamba Jumatatu atampa barua ya kwenda kupumzika nyumbani. Lenah ni mjane, na mwanawe yuko kidato cha tatu. Nami nilikuwa nimekaa mita mbili kutoka kwake, nina diploma, nikanyamaza.

Leo kanisani aliketi mbele yangu. Ibada ilipoisha aligeuka akanishika mkono, akaniambia, "Kendi, umekonda. Usijiumize kwa makosa yangu."

Kwa hiyo nimeamua. Kesho asubuhi nitapita posta kwanza, niitumbukize barua hii, ndipo niende kwa Daktari. Ikishaingia kwenye sanduku siwezi kuirudisha, na nitajua kwamba kuna mtu mmoja mbali ambaye ataniuliza kama nilisema. Naogopa sana. Huenda nikakosa kazi, na unajua mama anategemea mshahara huu. Lakini kile kiti cha mapokezi ni cha Lenah.

Nawe kwa ajili ya shule yako, nakusihi. Nakili matokeo ya wanafunzi kwenye diski, halafu uichomoe uifungie kabatini. Kompyuta ikikuomba masasisho, ikubalie. Kila mwalimu awe na neno lake la siri, na akiinuka afunge kompyuta yake. Barua ikija na faili usiyoitarajia, hata kutoka kwa mtu unayemjua, mpigie kwanza umuulize. Wezi hawa wanajua tunavyoombolezeana.

Mama anakusalimu, pia Shangazi Cicily na Angeline wake, ambaye sasa anatembea akishika kuta. Nisalimie mkeo Wanjira na watoto. Mungu akulinde katika jua hilo, akurudishe kwetu Krismasi ukiwa na miguu yako yote miwili.

Ukitaka kunipata, usiandike barua pepe, wala usipige simu ya kliniki. Piga namba yangu ile ya zamani baada ya saa kumi na mbili jioni, nikiwa nimetoka kazini, kama kazi bado itakuwepo. Usianze na salamu. Niulize tu, "Ulisema?" Na ukiletewa ratiba ya mazishi yenye jina langu, usiifungue. Nipigie. Nikipokea, sijafa.

Ni mimi mpwa wako, ninayekupenda hata kwa makosa,
Kendi