Zege la Abraham

Unyambwa, Singida
11 Machi 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Habari za Issuna, habari za goti lako? Mimi huku sijambo, kifua kilichonisumbua kimepona.

Nakuandikia barua kwa mkono na kumpa baba mdogo Antipasi aje nayo akitoka kukamua alizeti. Simu unayopigia ni yake, na simu ile ikilia hata kuku wa jirani wanasikia mazungumzo. Jambo lenyewe si la kuku.

Nimepata kazi. Najenga ukuta kwenye nyumba ya ghorofa huku Unyambwa, na fundi mkuu ni Melkiori. Ndiyo, mama, yule yule. Hakunitambua. Siku mliyomzika kaka mimi nilikuwa njiani natoka chuoni Dodoma, nikafika kaburi limeshafukiwa, kwa hiyo hajawahi kuniona. Aliniuliza jina, nikasema Eliza. Akaniuliza kama naweza kupanga tofali, nikapanga mbele yake. Akacheka, akasema haya, sasa saiti yetu itapandwa maua.

Ana kicheko kikubwa, mama, na anakula vizuri. Mtu akiteleza kidogo tu anamwambia, "Wewe umekunywa nini?" Nilipolisikia neno hilo mara ya kwanza mwiko ulinitoka mkononi.

Sijui nimekuja kufanya nini hapa. Niambie.

Mwanao,
Eliza


Issuna
20 Machi 2024

Mwanangu Eliza,

Marahaba. Goti ni lile lile, likiona mawingu linaanza kuongea. Alizeti imesimama vizuri, ila ndege wanaisubiri kuliko sisi. Mchungaji anakusalimu.

Barua yako nimeisoma mpaka imelegea kwenye mikunjo. Unaniuliza umekwenda kufanya nini. Hukuwepo, basi nitakueleza. Tulipomaliza kusoma wasifu wa marehemu, watu waliitwa kutoa salamu. Melkiori akasimama kama mwajiri, kofia mkononi, mbele ya jeneza la mwanangu. Akasema, "Tumepoteza kijana mchapakazi, lakini tuambiane ukweli. Abraham alikuja kazini amelewa, akagonga nguzo za chini bila kutumwa, zege likamwangukia. Vijana, acheni pombe." Watu wakaguna, wengine wakatikisa kichwa kwa masikitiko. Abraham, aliyekuwa akikataa hata togwa ikishalala!

Mpaka leo nikienda kisimani wanawake wananipisha kwa huruma, na huruma yao inaniuma kuliko kutukanwa. Nimezaa mlevi aliyejiua kwa ulevi wake, ndivyo wanavyojua.

Mchungaji ananiambia kisasi ni cha Bwana. Najua. Lakini Bwana ana mengi ya kushughulikia, na mimi nina hili moja tu. Kaa hapo hapo. Usimwambie wewe ni wa nani. Kula naye, cheka naye, mpaka umjue.

Mimi,
Mama Abraham


Unyambwa
22 Aprili 2024

Mama,

Shikamoo. Poleni na mvua. Nasikia barabara ya kwetu ilikatika, ndiyo maana nimekawia.

Wiki iliyopita alikuja mwalimu wa chuo cha ufundi, anaitwa Cecilia, kutufundisha usalama kazini. Mwenye nyumba ndiye aliyemwita, alisema hataki mtu afe kwenye nyumba atakayokuja kulala. Tulikaa kwenye rundo la mchanga tukasikiliza, mafundi na saidia fundi pamoja. Melkiori hakukaa. Alisimama mlangoni anachokonoa meno, akasema yeye ujenzi alijifunzia juani, si ubaoni.

Mwalimu akaja kwenye habari ya mirunda, ile miti tunayosimamisha chini ya zege la juu ilishikilie mpaka likomae. Akasema zege linakauka usoni haraka, linakudanganya, kumbe ndani bado bichi. Linataka kumwagiliwa maji asubuhi na jioni, na kuachwa. Ukitoa mirunda mapema linashuka lote. Hapo Noel, saidia fundi aliyekaa karibu yangu, akaacha kumtazama mwalimu, akawa anachimba mchanga kwa kidole.

Jioni nikamfuata. Noel alikuwepo siku ile, mama. Kaka hakugonga kitu kwa kutaka kwake. Melkiori ana mirunda ya kutosha nyumba moja tu, na anaizungusha saiti kwa saiti. Asubuhi ile aliagiza itolewe ipelekwe Mtinko, na zege likiwa bichi. Abraham alikataa. Akaambiwa, kama unaogopa rudi kwenu ukachunge mbuzi. Ndipo akaingia. Noel naye alionywa kuwa akifungua mdomo hatapata kazi mkoa mzima.

Na kuna hili pia. Wiki ijayo tunamwaga zege la juu hapa, na Melkiori tayari ana nyumba nyingine inayosubiri mirunda hii hii.

Mwanao,
Eliza


Issuna
29 Aprili 2024

Mwanangu,

Marahaba. Huku hatujambo, mvua imepungua.

Asante kwa kunirudishia mwanangu akiwa mzima wa akili. Nimelia, nimemaliza. Sasa nisikilize.

Akitaka kutoa mirunda, mwache aitoe. Watoe wenzako wote, hata huyo Noel mwoga. Wewe simama mbali, mbali kabisa. Usimwonye, wala usimpelekee mwenye nyumba habari. Sikwambii umsukume. Nakwambia unyamaze, kama yeye alivyomnyamazisha Noel. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Wewe usimpe mkono tu.

Barua hii ichome.

Mama Abraham


Issuna
14 Mei 2024

Eliza, Eliza mwanangu,

U mzima? Leo sina salamu nyingine.

Antipasi amerudi na pikipiki sasa hivi. Anasema kwenye mashine ya alizeti watu walikuwa wakisimulia kwamba zege limeanguka Unyambwa na kuna mtu chini yake. Ni nani, hawajui. Simu yako haipatikani. Nimemgeuza hapo hapo, hata maji hajanywa, akufuate na barua hii. Simu yake nimebaki nayo; akikupata, tafuta simu yoyote unipigie, na kuku wasikie, wasikie wote.

Nilikuwa nimeshachagua jogoo wa kuchinja siku ya kupata habari za Melkiori. Jogoo yupo mlangoni ananitazama na siwezi kumgusa. Niliandika usimame mbali. Niliandika, sivyo? Nakumbuka niliandika.

Mama yako,
Mama Eliza


Unyambwa
19 Mei 2024

Mama,

Shikamoo. Sauti yangu uliisikia, basi umejua ni mzima. Lakini mengine sikuweza kuyasema na watu wamejaa uani kwa baba mdogo.

Melkiori alikuja asubuhi na lori, akasema mirunda itoke. Hakuna aliyeingia. Noel ndiye aliyetangulia kusema, mama, Noel huyo huyo: "Fundi, hili halijakomaa. Tulifundishwa." Wengine wakakaa chini. Melkiori akatuita watoto wa Cecilia, akachukua nyundo, akaingia mwenyewe.

Mimi nilikuwa nje, usawa wa mlango. Nilinyamaza kama ulivyoniagiza. Aligonga mrunda wa kwanza nikanyamaza, akagonga wa pili nikanyamaza. Na nilikuwa na furaha. Sitaki kukuficha hilo.

Upande wa mbele ukashuka. Vumbi lilipotulia alikuwa hai, mguu umebanwa, na zege lililobaki limening'inia juu yake kwa mirunda michache iliyopinda. Wenzangu wakataka kukimbilia kumvuta, nikawazuia. Ukivuta kabla hujaegemeza, mnakufa wote. Hilo nalo tulifundishwa. Nikabeba mrunda begani, nikaenda kwenye tundu la dirisha, nikainama. Nikamwambia, "Mimi ni mdogo wake Abraham wa Issuna."

Ungeyaona macho yake, mama, ungeshiba mwaka mzima.

Nikamuuliza, "Abraham alikuwa amekunywa nini?" Akasema, "Dada, weka mrunda." Nikamuuliza tena. Juu kulikuwa kunalia, kokoto zinamdondokea usoni. Akapiga kelele mpaka barabarani walisikia: "Hakunywa! Hakunywa kitu! Mimi ndiye niliyemwambia atoe! Alikataa, nikamlazimisha!" Nikamwambia amtaje jina. Akamtaja.

Ule mrunda ulikuwa begani kwangu bado. Ningeweza kuutua chini na kwenda zangu. Nikaingiza mmoja, Noel akaingiza mwingine, tukaegemeza, tukamtoa. Usije ukadhani ni huruma. Nilimtoa kwa sababu maiti haisimami kutoa salamu.

Yuko hospitali, mguu umevunjika vibaya. Wote waliomsikia wako tayari kwenda polisi kusema habari za Abraham. Amemtuma mke wake kwangu, anaomba tuyamalize wenyewe. Nimemjibu kwamba mwenye kuamua ni mama. Basi amua.

Mwanao,
Eliza


Issuna
2 Juni 2024

Mwanangu Eliza,

Marahaba. Goti halijambo, na jogoo yu hai, anawika kama aliyenishinda kesi.

Nilikukasirikia. Nilikuagiza usimpe mkono, wewe ukampa mrunda. Halafu nikarudia kusoma pale uliposema maiti haisimami kutoa salamu, nikacheka peke yangu jikoni mpaka Antipasi akaja kuchungulia. Wewe nimekuzaa mimi kweli.

Polisi hapana, si sasa. Wakimfunga atakaa kivulini anakula ugali wa serikali, na hapa Issuna mwanangu atabaki mlevi. Mwezi wa tisa tunafanya ibada ya kumbukumbu na kulijengea kaburi. Mguu ukishaunga, Melkiori atakuja. Atasimama pale pale aliposimama, mbele ya watu wale wale, atoe salamu zake upya. Kisha kaburi atalijenga yeye, kwa mikono yake.

Na zege la kaburi atalimwagilia yeye, asubuhi na jioni, mpaka likomae. La mwanangu hakuwa na muda wa kulisubiri. Hili atalisubiri. Atalala kwa Antipasi. Maji atachota kisimani bondeni, na unajua kiangazi kisima kile kinavyokuwa na kile kilima chake. Kila mpita njia atakayemuuliza kwa nini anamwagilia kaburi, atamjibu, tena tangu mwanzo. Kufupisha ni marufuku.

Asipotaka, polisi wapo. Mpelekee maneno haya kama yalivyo, usiyalainishe.

Mama Abraham


Mtinko
21 Oktoba 2024

Mama,

Shikamoo. Habari za tangu kumbukumbu? Mimi sijambo. Mwalimu Cecilia amenichukua nimsaidie kufundisha, na wiki hii tuko huku Mtinko na mafundi wa vijijini. Wengine wanakuja wamenuna, wanaondoka wanauliza maswali. Nikifika kwenye habari ya mirunda sauti inanikauka, wananingoja mpaka irudi.

Salamu za Melkiori za siku ile bado nazisikia. Wanawake wa kisimani walivyokuja kukushika mikono mmoja mmoja, nilifikiri sasa moyo wako utatua.

Lakini baba mdogo ananiambia Melkiori bado yupo. Anasema anapanda kile kilima na gongo mkono mmoja, ndoo mkono wa pili, maji yanamwagika nusu kabla hajafika, anashuka tena. Mama, zege lile limekomaa siku nyingi. Hili nawafundisha watu, nalijua. Mke wake amekuja kwangu analia, anasema mvua ziko karibu na shamba halijaguswa.

Hasira yangu haijaisha, wala sikuombi umsamehe. Ila zege ni zege, likikomaa limekomaa. Mwache aende.

Mwanao,
Eliza


Issuna
28 Oktoba 2024

Mwanangu Eliza,

Marahaba. Nafurahi unafundisha, na Abraham angefurahi. Kunywa maji ya moto kabla ya kuanza, sauti haitakauka. Goti limeanza kuongea, kwa hiyo ni kweli mvua iko karibu. Huyo mke wa Melkiori namwonea huruma, yeye hajanikosea. Mwambie aje achukue debe la mbegu za alizeti, na nitatafuta vijana wakamlimie.

Barua yako niliisoma, nikaenda kaburini jioni kuliangalia hilo zege. Melkiori alikuwa amekaa pembeni na ndoo tupu, anahema. Kulikuwa na bibi mmoja mgeni, amemuuliza, naye anamweleza tangu mwanzo: mirunda, lori la Mtinko, kijana aliyekataa. Hakuruka kitu. Jina la Abraham analitamka vizuri siku hizi.

Bibi alipoondoka, Melkiori akajiinua, akaniamkia. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mama, limekomaa?"

Nikachukua gongo lake, nikaligonga zege kichwani, katikati na miguuni. Lililia kama jiwe. Wewe ni mwalimu, ungesikia mlio ule ungesema limekomaa, na mimi niliusikia kwa masikio yangu haya.

Nikamrudishia gongo lake. Nikamwambia bado.

Mama Abraham