Chanuo katika nywele za bibi yako

Mjukuu wangu Furaha,

Huku kambini Dzaleka tuko salama. Mguu wa mama yako umepona. Unauliza kwa nini bosi wako kule Lilongwe anarudisha matangazo unayochora kwa kompyuta, na mwenyewe anasema ni mazuri.

Mi nilianza na kibao cha saluni, miaka yetu ya kwanza kambini. Nilichora uso wa bibi yako, tuliyemzika Bukavu. Nilimchora vizuri mno: bantu bakavua kofia, bakaingia kumpa msusi pole ya msiba.

Msusi hakunigombeza. Alisema tu, "Mzee, mtie chanuo."

Nikalichora katika nywele zake. Jioni benchi lilijaa wasichana.

Njo hivyo, mama. Usifute uso, tafuta chanuo lake.

Kibao bado kiko. Nikipita, namsalimia.

Babu yako