Jumapili ya Kuipima Injini ya Aloys

Jumapili, jioni. Mvua ya alfajiri ilikatika asubuhi mapema, lakini ukungu umekaa juu ya ziwa mpaka sasa na Goma, ng'ambo ya mpaka, haionekani kabisa. Niko jikoni na chai iliyopoa.

Leo tumeipima gari ya Aloys.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: Aloys alikuwa mume wangu. Tulimzika kabla ya mvua hizi kuanza. Alikuwa mwalimu wa hesabu, lakini ukimuuliza mtu yeyote hapa Gisenyi atakuambia habari za gari kabla ya habari za shule. Ni sedani nyeupe ya milango minne, kwa nje ina sura ya gari ya padri. Chini ya boneti kuna injini ndogo ya silinda nne aliyoifungua na kuifunga upya kwa mikono yake, akaitia pistoni mpya, ekzosi pana, na turbo kubwa kuliko ile iliyotoka nayo kiwandani.

Jioni zake ziliishia humo. Sitajifanya eti nilikuwa mke mvumilivu. Nilipiga kelele, nilinuna, na siku moja nilimfungia mlango akalala kwenye hiyo gari yake.

Mshindani wake alikuwa Justin, Papa Furaha, muuza vipuri wa Goma, rafiki yake wa tangu ujana. Justin ana sedani nyeusi ya silinda sita, haina turbo. Ameichonga kichwa cha injini, ameitia kamshafti kali, na ikiunguruma vikombe vinatikisika kabatini. Aloys alisema huku kwetu juu hewa ni nyepesi, injini isiyo na turbo lazima iheme kama mzee kwenye ngazi. Justin alimjibu kwamba turbo inakuambia ngoja, silinda sita zinakuambia twende. Walibishana hivyo miaka na miaka. Kila wakizipima, aliyeshindwa alikuwa na sababu: mafuta mabaya, matairi laini, abiria mnene. Abiria mnene nilikuwa mimi.

Kesho kuna bwana wa Kigali anakuja kuchukua injini. Anataka injini tu, aiweke kwenye gari nyingine, bodi haitaki. Nilikubali, maana gari imekaa chini ya turubai na mimi siwezi kuitunza. Justin aliposikia alinipigia simu. “Shemeji, kabla wafungue ile moteri, tuzipime mara moja tu. Tumalize ile maneno.”

Leo baada ya misa ya kwanza akavuka mpaka pale Grande Barrière na gari yake, na betri mpya ya kuiamsha ya Aloys.

Niandike ukweli hapa, maana pengine siwezi kuusema. Nilitaka Aloys ashinde. Nilitaka sana. Akishinda, basi zile jioni nilizokula peke yangu zilikwenda mahali. Akishindwa, nilikaa mezani na sahani yake iliyofunikwa, bure tu.

Tulipima kwa sheria ya Aloys mwenyewe. Barabarani kwetu kamera zimejaa, watu wanaziita Sofia, kwa hiyo mbio haziwezekani na yeye hakuzipenda. Alipima kuvuta. Unapanda mlima wa kuelekea Nyakiriba, barabara ikiwa tupu, unaingiza gia ya tatu ukiwa kwenye ishirini, unakanyaga mpaka chini na kuacha hapo, mpaka mshale wa mwendo uguse sitini. Basi. Hubadilishi gia, hukimbizani na mtu. Ndani mnakuwa wawili, na asiyeendesha anapima kwa simu.

Nikaanza mimi na nyeupe, Justin kando yangu. Klachi ya Aloys ni ngumu kama kukanyaga mtungi wa gesi. Nikakanyaga mafuta. Kwanza hakuna kitu, gari inajikokota tu, nikasema moyoni Yesu wangu, imekufa. Halafu ule mluzi ukaanza, mwembamba, ukapanda, na ghafla nikasukumwa kwenye kiti kama mtu amenipiga teke mgongoni. Sitini hiyo hapo. Nilipiga ukelele. Justin akaangalia simu, akasema “Bon.”

Tukashuka, tukaiegesha nyeupe chini ya mlima, ikawa zamu ya nyeusi. Yeye anaendesha, mimi nimeshika simu. Tukapanda, mshale ukafika sitini, nikabonyeza. Muda wake ulikuwa mrefu kuliko wangu.

“Ameshinda,” Justin akasema, akijifuta uso. “Aloys ameshinda, shemeji.”

Nilifurahi. Jamani, nilifurahi, nikampigia makofi marehemu. Tulikuwa tumeshageuza gari tunarudi chini, ndipo furaha ikaanza kunikaa vibaya.

Niliona kiatu chake tulipokuwa tunapanda.

Pedali haikufika chini. Na ile gari nimeipanda mara nyingi, kiti cha nyuma, nikiwa na mfuko wa karanga, nikiwasikiliza wakibishana. Nyeusi ikipewa mafuta yote, dashibodi inatetemeka mpaka meno yanagongana. Leo simu ilikuwa imetulia mkononi mwangu, naisoma kama niko sebuleni.

Hapo hasira ikanipanda. Haikuwa ya Justin peke yake. Tangu msiba kila mtu ananiachia nishinde. Wifi yangu, ambaye tuligombana kila Pasaka juu ya chumvi ya pilau, sasa anakubali kila ninachosema. Kazini nachelewa, mkubwa anasema hakuna shida, ihangane, yaani pole. Hata yule mama wa viazi pale sokoni, ambaye hajawahi kupunguza bei tangu aumbwe, ananijazia mfuko na kugeuza uso. Nimekuwa kitu cha kubebwa kwa uangalifu. Na leo wamembeba na Aloys.

Nilimwambia asimame. Akasimama pembeni, penye mikaratusi.

“Papa Furaha, mguu wako ulikuwa wapi?”

Akaangalia usukani. Mtu mzima mwenye kitambi, ameinamisha kichwa kama mwanafunzi. “Nimelegeza kidogo tu. Ningefanya je, shemeji? Nikushinde we, na Aloys iko kwa udongo? Mi siwezi.”

“Unaweza. Mlishindana miaka yote hiyo akiwa hai, hukumhurumia hata siku moja. Geuza gari.”

“Shemeji, ukishajua hautaweza kusahau.”

“Geuza gari.”

Tulirudi mwanzo. Tukangoja baiskeli mbili za karoti zishuke, na mama mmoja wa kanisani apite na mwavuli wake. Nilikuwa na nafasi ya kusema basi, tuache. Nilifungua mdomo kabisa. Ningelala leo na ushindi wangu, na kesho injini ingekwenda Kigali na siri yake, na hakuna ambaye angenidai neno. Lakini ningekuwa nimebaki na mume wa kuhurumiwa, na Aloys hakuwa mtu wa namna hiyo. Nilifunga mdomo, nikaandaa simu.

Safari hii alikanyaga. Nyeusi haikungoja chochote. Ilivuta pale pale, toka ishirini, kwa sauti nzito iliyoingia mpaka tumboni, na dashibodi ikaanza kucheza. Sitini ilifika nikiwa bado najiweka sawa kwenye kiti.

Ilimpita Aloys kwa zaidi ya sekunde nzima. Kwa magari ya namna hii hiyo si kushindwa, hiyo ni aibu. Turbo ile ni kubwa mno kwa injini ile. Inaamka pale ambapo sheria inakuambia uache. Labda huko juu zaidi, kwenye mwendo mwingine, ingeshinda. Lakini sheria aliitunga yeye.

Nikamuuliza Justin, angekuwa hapa ungemwambiaje? Akasema acha, shemeji. Nikasema mwambie.

Tulishuka mpaka ilipoegeshwa nyeupe. Akaiendea, akaipiga boneti makofi mawili. “Aloys! We mwalimu! Turbo yako inalala mupaka wanafunzi wanamaliza mutihani! Nilikuambia, ukakataa! Kichwa nguvu we!” Sauti ikamkatika hapo hapo. Akakaa kwenye ukingo wa mfereji, akalia kwa kwikwi, na mimi nikacheka, kisha nikakaa kando yake nikalia pia. Watu waliokuwa wakipita walitushangaa.

Nilikulia Tabora. Kule mtani anakuja msibani kumsema marehemu, kumdhihaki mbele ya jeneza, na wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka. Hapa tulimzika Aloys kwa adabu sana. Maneno mazuri tupu, mpaka nikawa simtambui yule waliyekuwa wanamzungumzia. Leo nilimtambua.

Justin amevuka kurudi kwake kabla mpaka haujafungwa. Aliponiaga alisema karanga zangu za nyuma ya gari yake hajazifagia mpaka leo. Nikamwambia ni uchafu wake mwenyewe asinisingizie.

Basi zile jioni zilikwenda kwenye turbo inayochelewa kuamka. Zinaniuma. Nakasirika, Aloys, nakasirika kweli: ulikuwa mwalimu wa hesabu, ulishindwaje kuipigia hesabu? Ungenisikiliza, ungekuja kula. Tangu tukuzike sijathubutu kukukasirikia. Niliogopa ningekuwa mke mbaya. Leo nimekusema njia nzima kutoka mlimani mpaka nyumbani, nikiwa nimeshika usukani wako, na kwa mara ya kwanza nyumba hii haikunitisha nilipofungua mlango.

Kesho asubuhi yule bwana anakuja na fundi wake na mnyororo wa kunyanyulia. Akiniuliza injini inavutaje, nitamjibu bila kuongeza wala kupunguza: inachelewa kuamka, ikiamka inavuta sana, na ilishindwa jana mlimani. Nimejiuliza jioni nzima kama nitaweza kusimama pale wakiinyanyua.

Nitasimama.