Lenzi Ndogo na Uso wa Kukhu

Jumamosi. Asubuhi ilinyesha, kisha jua likawaka kana kwamba hakuna aliyekufa. Leo tumemzika Kukhu, nyanya yangu, hapa nyumbani Kabras.

Sina wa kumwambia haya. Nayaandika.

Kamera yangu ni ndogo. Shangazi aliniachia alipoacha kuitumia. Ilikuwa na lenzi fupi, nene kidogo kuliko kifuniko cha chupa. Haikuvuta kitu karibu. Ukitaka karibu, unatembea. Lakini tundu lake lilifunguka sana, likanywa hata mwanga wa makaa. Na kwa kuwa kamera nzima ilienea viganjani, watu walinitazama mimi, si mtambo. Ukiwa na haya kama mimi, hilo si jambo dogo.

Likizo iliyopita nilimpiga paka picha jikoni kwa Kukhu, kando ya mafiga, kwa mwanga wa kidirisha kimoja tu. Kukhu akaitazama, akacheka.

"Hata paka umempendezesha. Na mimi uniweke hivyo. Ile ya kitambulisho nisizikwe nayo, nafanana na mwizi wa kuku."

Ila alitaka kitambaa chake cha kanisani kichwani, nacho kilikuwa kimeloa kwenye kamba. Tukasema nikirudi.

Nilipokuwa shuleni, baba mdogo aliipeleka kamera mjini kwa rafiki yake mpiga picha, wakabadilishana lenzi. Hakuniuliza. Nilipokuja mapumziko ya katikati ya muhula nilikuta lenzi ndefu ya kuvuta mbali.

"Ile ilikuwa kama kiberiti," akaniambia. "Watu wanaheshimunga kitu kubwa. Sasa wewe ni mpiga picha."

Nikasema asante. Ndiyo tabia yangu.

Kamera iliinamisha pua kama ndama aliyevishwa pembe za fahali. Kukhu alikuwa ameshaanza kuugua, lakini alijifunga kitambaa chake, akaketi palepale kando ya moto. Nilirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, na bado uso wake haukuenea kwenye picha. Na tundu la lenzi hii halikufunguka vya kutosha. Niliiacha ikusanye mwanga polepole, na uso wake ukayeyuka, kwa sababu kichwa kilikuwa kikitikisika. Nikawasha taa ya kamera. Akafunika macho yake mabovu kwa mkono.

Nilimwomba tumbebe hadi mlangoni, penye mwanga. Akakataa.

"Mgonjwa haanikwi kama mahindi." Kisha, taratibu: "Ile ndogo iko wapi?"

Nikaifunika lenzi.

Leo kila mtu alishika karatasi ya ratiba ya mazishi. Juu yake, picha ya kitambulisho. Anatazama mbele, mdomo umebana, kama mtu anayesubiri kushtakiwa. Wageni walimwangalia pale, wakaikunja, wakajipepea naye.

Baba mdogo alinishika bega mbele ya watu. "Huyu ni wetu. Mwaona hiyo mashine yake?" Wakaniachia njia hadi mbele kabisa. Yeye pia alikuwa analia. Nimejaribu kumchukia kikamilifu, na hilo pia limenishinda.

Kesho ataziomba picha za leo. Nitampa. Nje, juani, lenzi yake haina kasoro. Zimetoka safi sana.

Kila msumari wa jeneza unaonekana.