Mlango Ndani ya Haragwe

Alhamisi, Athi River

Bado nimemkasirikia Mama Mutheu, lakini bila ubishi wake nisingeona nilichoona leo.

Maharagwe yake ya kutoka nje yalifika stoo asubuhi, nami ndiye mkaguzi wa mazao yanayoingia nchini. "Madam, hata shimo moja hakuna," akaniambia. "Wateja wananingoja, na wewe unatafuta makosa tu." Kweli, mashimo hayakuwepo. Kulikuwa na alama za mviringo, kama vidirisha vilivyofifia chini ya ganda.

Nikaweka punje moja chini ya lenzi, nikamwita aone. Ile alama ikatikisika. Ikainuka kama kifuniko, kichwa kikachungulia, kisha mdudu mzima akatoka akijivuta.

"Ngai! Mungu wangu!" Mama Mutheu akashika mdomo.

Mguu wa nyuma ulikuwa na miba miwili myekundu, kwa hivyo jina lake nalijua. Lakini jina halielezi hili: akiwa bado funza mwenye meno makali, alitafuna mpaka karibu na ganda, akaacha utando mwembamba, ndipo akalala. Alijuaje kwamba ataamka akiwa mwingine, asiye na meno kama yale? Nani alimwambia ajitengenezee mlango kabla hajayapoteza meno?

Miaka yote hii kazini, na leo nikarudi kwenye lenzi kuangalia punje ya pili.

Kesho mzigo wote utafunikwa turubai upigwe dawa ya kuua wadudu. Mama Mutheu amekubali. Ndani ya magunia yale milango iko tayari, na sahihi kwenye amri ya kuizuia isifunguke ni yangu.