Maoni ya Umm Turki Kuhusu Kuku wa Abu Jumana

KITUO CHA POLISI MATONGORO
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Jael Moraa Onchari
Umri: Miaka 33
Kazi: Fundi wa cherehani, awali mfanyakazi wa nyumbani, Riyadh, Saudi Arabia
Makazi: Nyuma ya soko, Matongoro
Tarehe na saa: 16 Agosti 2016, saa nne asubuhi
Mbele ya: Koplo Nahashon Mutai
Lugha: Kiswahili

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimekuja kwa hiari yangu, ingawa mama yangu yuko pale nje kwenye benchi na bila yeye labda ningengoja hadi kesho. Naeleza habari za mdogo wangu, Rispah Nyaboke Onchari, miaka 26. Bwana Ambrose, wakala wa hapa mjini aliyetupeleka Uarabuni, anasema Rispah alitoroka kwa mwajiri wake akamfuata mwanamume. Hakutoroka. Amefungiwa ndani, na mkono wake unaharibika. Nasema hivyo kwa sababu jana nimesoma maneno yake mwenyewe.

Mnamo tarehe 8 Aprili 2014 mimi na Rispah tulisafiri pamoja kwa mkataba wa miaka miwili. Tulipotua Riyadh pasipoti zilikusanywa, tukatenganishwa. Mimi nilichukuliwa na kafili wangu, yaani mwajiri ambaye bila ruhusa yake huwezi kuondoka nchi ile. Rispah aliunganishwa na ndege ya kwenda Jeddah, kwenye nyumba iliyoko mtaa wa Al-Nuzha. Alinipigia mara mbili kwa simu ya madam wake. Mara ya pili alisema simu yake mwenyewe imechukuliwa, kisha tukakatika. Baada ya hapo nilikaa karibu miaka miwili bila kupata habari zake.

Kafili wangu hakuwa mtu mbaya, alikuwa bahili tu. Kila Ijumaa baada ya sala alitubeba sote kwenda kula mtaa wa Al-Dirah, katika hoteli inayoitwa Abu Jumana. Ni hoteli za bei ya chini, zina matawi Riyadh na Jeddah, na kila tawi ni lile lile: nusu kuku wa makaa, wali wa bukhari wenye karoti na zabibu, na nailoni ya kutandika chini ambayo ukimaliza kula unaikunja na mifupa yake. Mimi nilikula kilichobaki baada ya watoto. Siku hiyo moja ya wiki nilirudishiwa simu yangu.

Afande ameniuliza hoteli inaingiaje kwenye kesi. Inaingia, kwa maana bila hoteli hiyo nisingekuwa na la kumwambia.

Abu Jumana wana ukurasa wao kwenye simu, ambapo mteja huagiza chakula, halafu huweka nyota kuanzia moja hadi tano na kuandika maoni yake. Sisi wanawake wa Kenya na Tanzania tuliugeuza ukurasa huo kuwa baraza letu. Madam zetu walikuwa wakipekua jumbe zetu za simu, lakini hakuna madam aliyewahi kupekua maoni ya wateja kuhusu kuku. Tuliandika kwa Kiswahili. Mmoja alisema kuku wa Al-Dirah amekonda kama aliyefunga Ramadhani mbili mfululizo. Mwingine wa Mombasa akaapa kwamba wali wenye zabibu si pilau na anayeuita pilau ashtakiwe. Tulicheka kweli. Chini ya utani huo ndipo tulipoulizana nani amelipwa, nani amepigwa, nani amerudi nyumbani.

Mnamo Ijumaa tarehe 18 Machi 2016, nikiwa pale Al-Dirah, niliona maoni mapya kwenye tawi la Al-Nuzha, Jeddah. Akaunti ilikuwa ya jina la Umm Turki, yaani Mama Turki. Iliweka nyota tano. Nimeyakariri maneno yake:

"Chakula kizuri. Mimi ni Rispah Nyaboke wa Matongoro. Dada yangu Jael yuko Riyadh. Hii ni tableti ya madam, ananituma niwaagizie chakula. Mkataba unaisha lakini wamesema siendi. Mlango unafungwa kwa ufunguo. Niliungua mkono kwa mafuta, sijapelekwa kwa daktari. Anayesoma hapa amwambie Jael."

Nililia mbele ya watoto wa kafili, nikasema ni pilipili. Kilichonichoma zaidi ni lile neno la kwanza. Mama alitulea tukijua chakula cha watu hakitiwi kasoro. Hata kikiwa kibichi unasema ahsante, nimeshiba. Mkono wa Rispah ulikuwa unaoza, naye alitanguliza kusifu wali na kuweka nyota zote tano, kwa adabu. Sikujua siku ile kwamba adabu hiyo ndiyo iliyokuwa inamlinda.

Nilimjibu pale pale: "Rispah, nimekuona." Wiki iliyofuata aliandika tena, na iliyofuata pia, nyota tano kila mara. Alisema ngozi ya kiganja imekuwa nyeusi, kwamba anafua kwa mkono mmoja, kwamba madam humpa dawa ya meno apake. Nilimwambia avumilie. Sikuwa na lingine la kumwambia na nilijichukia kwa hilo.

Katika baraza letu alikuwapo Priscah, Mkenya aliyefanya kazi Riyadh kama mimi, mama mwenye moyo mkubwa na sauti kubwa zaidi. Yeye ndiye aliyesema, "Tupige kelele. Hoteli kubwa kama hii inaogopa jina kuharibika. Tukijaa pale, mkubwa mmoja ataamka aulize huyu msichana ni nani." Sisi Wakenya ndivyo tulivyo. Jambo likitukera hatutumi mjumbe, tunajaa. Tuliambizana kwamba penye wengi hapaharibiki neno, na hakuna aliyepinga. Ijumaa tarehe 15 Aprili wanawake kutoka kila upande waliingia kwenye ukurasa wa tawi la Al-Nuzha wakajibu maoni ya Rispah na kuweka nyota moja moja. Waliojua Kiarabu waliandika kwa Kiarabu: mwachilieni Rispah. Jioni nilitazama zile nyota moja nikafurahi, afande. Niliona watu wanampenda mdogo wangu.

Ijumaa iliyofuata, niliporudishiwa simu, nilipata ujumbe kutoka kwa mtu nisiyemjua, Makame, Mzanzibari, karani wa malipo katika tawi la Abu Jumana lililoko Ruwais, huko huko Jeddah. Kumbe alikuwa akisoma maoni yetu siku zote na kucheka peke yake. Alinipigia.

"Dada Jael," alisema, "mmefanya nini nyinyi?"

Nikamwambia tumepiga kelele tusikike.

"Mmesikika. Lakini kwetu kazini nyota moja ni moto, dada'angu. Ofisi humpigia mteja kumtaka radhi na kumpa kuku wa bure. Ndivyo tulivyofunzwa. Zile nyota zenu zote zimefungamana na akaunti ya yule mama, basi wamempigia yeye. Wamemuuliza, madam, chakula kimekukosea nini? Akasema, mie nimelalamika lini?"

Niliuliza wamejuaje na yale ni Kiswahili.

"Waliniita mie niwatafsirie. Wallahi nimewadanganya, nimewaambia huyu anasifu kuku tu. Ila jina la Rispah mmelijaza pale kwa Kiarabu, kila mstari. Hilo nitalificha wapi?"

Nilikaa chini jikoni, sakafuni. Makame alikuwa akiita, "Dada Jael, upo?" Tangu siku hiyo akaunti ya Umm Turki ilinyamaza. Maoni yote matatu yalifutwa.

Nilipiga ile namba ya madam wake ambayo Rispah aliwahi kuitumia. Alipokea mwanamume. Nilimwomba niongee na Rispah. Alisema, "Mafi Rispah. Halas," yaani hakuna Rispah, basi, akakata. Mwezi wa Mei Makame alitumia siku yake ya mapumziko kwenda Al-Nuzha pamoja na dereva anayepeleka chakula mtaa ule. Dereva aliijua nyumba. Alisema siku zote mkono mmoja mweusi ndio uliopokea mfuko kwenye uwazi wa geti, na uso hakuwahi kuuona. Mlinzi aliwaambia wenye nyumba wamesafiri na hajui watarudi lini. Makame hakuwa na wajibu wowote kwetu. Alinipigia akiwa na aibu kama vile kosa ni lake.

Nilimpigia Bwana Ambrose kutoka Riyadh. Nanukuu: "Huyo msichana ametoroka. Kafili amesharipoti huko. Wewe maliza kazi yako, usiniletee presha." Naomba afande aelewe maana ya ripoti hiyo. Ukishaandikwa kule kuwa umetoroka, ukikutwa barabarani unakamatwa wewe, si aliyekufungia. Kwa hiyo hata angefaulu kuvunja mlango, nje hakuna kwa kukimbilia.

Nilirejea nchini tarehe 9 Julai 2016. Mama alikuja kunipokea amevaa nguo yake ya kanisani, akaangalia nyuma yangu kuona kama kuna mwingine anashuka. Sikuwa nimemwambia. Wakala alikuwa ameshamwambia kwa njia yake, kwamba amezaa malaya, na mama kwa wiki nyingi alikuwa haendi sokoni kwa fedheha. Niliposikia hivyo nilitaka kwenda ofisini kwa Ambrose na mkasi wa kukatia vitambaa. Sikwenda. Afande anaweza kuandika hilo pia.

Jana, tarehe 15 Agosti, mnamo saa moja asubuhi, Makame alinitumia ujumbe kutoka Jeddah: "Tazama tawi la Al-Dirah. Usijibu kitu." Nilitazama. Akaunti ni ya Umm Turki. Nyota ni tano. Nimemwonyesha Koplo Nahashon kwenye simu yangu na ameyasoma mwenyewe:

"Chakula kizuri sana. Tumehamia Riyadh kwa mama yake baba mwenye nyumba. Bibi haoni vizuri, ananipa tableti nimwagizie kuku kila Ijumaa madam akitoka. Vidole viwili havisikii tena. Sasa harufu inawakera wananilaza kwenye roshani. Jael, usinijibu hapa. Msiweke nyota. Wakipigiwa simu tena sitaandika tena."

Huyo si mtu aliyetoroka na mwanamume. Huyo ni mtoto wa Mama, analala nje na mkono wake unanuka.

Makame ameshazungumza na dereva wa tawi la Al-Dirah. Ni kijana wa Kibengali, na anaujua mlango. Amekubali kumpeleka mtu hadi hapo Ijumaa hii tarehe 19, chakula kikiagizwa. Bibi akiagiza, Rispah ndiye atakayefungua. Kinachokosekana ni mtu mmoja tu mwenye mamlaka, kutoka ubalozi wetu Riyadh, asimame kando ya dereva mlango ukifunguliwa, na amchukue. Mimi nimepiga simu ubalozini jana mara nyingi. Walionijibu waliniambia hawawezi kutoka kwa maneno ya ndugu, wanataka barua ya polisi. Ndiyo maana niko hapa. Nataka barua hiyo. Nimeacha nguo za harusi ya watu hazijashonwa na sijali, waje wanidai.

Afande ameniuliza kama nina uhakika ni mwandiko wa Rispah. Nimemjibu kwamba kwenye tableti hakuna mwandiko, ila mwizi wa akaunti hangeanza na "chakula kizuri".

Nina ombi moja na nimelirudia mara tatu ili liandikwe. Mwajiri asipigiwe simu kabla ya Ijumaa. Wala Ambrose asijulishwe. Ambrose akijua saa hizi, kafili anajua kabla ya chakula cha mchana. Tulishafanya kosa hilo mara moja kwa nia njema, na nia njema yetu ndiyo iliyomlaza kwenye roshani. Afande amesema amenielewa. Nimemshukuru.

Mama amechungulia mlangoni akauliza kama nimemwambia afande habari za vidole. Nimemwambia nimesema. Ameuliza kama barua itaandikwa leo. Afande amemwambia, "Mama, rudi ukae, tunalishughulikia." Mama amemwombea baraka, yeye na watoto wake.

Niliyokuwa nayo moyoni ndiyo hayo. Nimesomewa kwa Kiswahili, nimeyasikia, na sina ninalopunguza wala kuongeza, ila haraka.

Sahihi ya shahidi: J. M. Onchari

MAELEZO YA AFISA

Maelezo haya nimeyachukua mimi, Namba iliyo kwenye jalada, Koplo Nahashon Mutai, na kumsomea shahidi. Shahidi ana akili timamu, alijibu maswali vizuri, alilia mara moja. Naamini anasema kweli na nimependekeza jambo hili lipewe uzito. Jalada limefunguliwa leo.

Barua kwa ubalozi haiwezi kutoka kituoni kabla upande wa pili haujasikilizwa, kwa mujibu wa utaratibu. Kwa kuwa shahidi ameomba haraka, sikutaka kungoja hadi kesho. Saa saba mchana nimempigia simu wakala, Bwana Ambrose, nikamweleza kwamba binti ameonekana Riyadh. Ametoa ushirikiano mzuri. Ameahidi kumpigia mwajiri leo hii ili kuhakikisha, na kutuletea jibu.

Koplo N. Mutai
16 Agosti 2016